Kampuni ni ghali kupita kiasi, soko linashuka, na bado napata hasara

Shikamoo dada,

Nakuandikia usiku, mke wangu amelala. Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu na sikudhani ipo siku nitakuwa mimi ninayeuliza.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Kusoma vitabu vya hesabu ndiyo riziki yangu, na ndiko kulikoniingiza huku. Kwa miezi minne nimechimba hesabu za kampuni moja ya programu za kompyuta iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani. Jina lake nimekuandikia pembeni, naomba usilichapishe. Soko linaithamini kampuni hii zaidi ya mara 25 ya mauzo yake ya mwaka. Si ya faida, dada, ya mauzo! Faida haina na haijawahi kuwa nayo. Wafanyakazi inawalipa kwa hisa mpya, kwa hiyo kila mwaka hisa zinaongezeka na fungu la mwenye hisa linazidi kuwa dogo. Lakini wakitangaza matokeo wanaitoa gharama hiyo na kutusomea kile wanachokiita faida iliyorekebishwa. Nimepitia taarifa zao zote. Bei hii haiwezi kusimama.

Soko lilipoanza kuporomoka niliona saa imefika. Nikafungua akaunti ya dhamana, nikaweka dola 10,000, nikaazima hisa 200 kupitia dalali na kuziuza kwa dola 80 kila moja. Mpango ulikuwa nizinunue tena zikifika 40, nirudishe za watu, tofauti ibaki kwangu. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa natembea kifua mbele. Bei ilishuka hadi 68. Nikaazima nyingine 100 na kuziuza kwa hiyo 68.

Kisha soko zima likageuka. Ndani ya kampuni hakuna kilichobadilika, nimehakikisha. Hisa imepanda siku sita kati ya nane, na jana imefunga kwenye 91. Ada ya kuazima ilikuwa asilimia 3 kwa mwaka, sasa natozwa 18. Leo asubuhi nimepokea ujumbe wa dalali: dhamana yangu imepungukiwa dola 2,690, nizilipe kabla soko halijafungwa Ijumaa, la sivyo watazinunua hisa wao wenyewe kwa fedha zangu.

Kuna dola 4,000 ambazo mimi na mke wangu tumeziweka kwa ajili ya ada ya shule ya mtoto. Nikizituma zote naziba pengo na nabakiwa na akiba kidogo juu. Mke wangu hajui lolote. Sikuulizi kama kampuni ni ghali, hilo nalijua. Nakuuliza mtu mwenye hoja sahihi afanye nini soko linapokataa kuona. Nitume fedha nisubiri?

Mdogo wako, Mhasibu.

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ilipofika nilikujibu siku ileile kwa mstari mmoja: usitume hata senti, na zungumza na mke wako kabla ya Ijumaa. Umeniruhusu kuichapisha, nami nakueleza sasa kwa urefu, maana najua neno "usitume" halikukutosha. Mhasibu anataka kuona hesabu.

Tuanze na hizo 4,000. Hisa 200 kwa 80 zilikupa 16,000. Hisa 100 kwa 68 zilikupa 6,800. Ukijumlisha na 10,000 zako, akaunti ina dola 32,800. Zinaonekana nyingi, lakini humo ndani mna deni, na deni lenyewe si la dola, ni la hisa 300. Aliyekuazima hataki kusikia uliuza kwa ngapi, anataka hisa zake. Bei ikiwa 91, hisa hizo zina thamani ya 27,300, na kilicho chako ni 5,500 tu. Kanuni za Marekani zinataka kilicho chako kisishuke chini ya asilimia 30 ya thamani ya hisa unazodaiwa, na madalali wengi hutaka zaidi ya hapo. Asilimia 30 ya 27,300 ni 8,190. Toa 5,500, unapata zile 2,690 za kwenye ujumbe wako. Ada ya kuazima sijaiweka hapa. Kwa asilimia 18 inakula zaidi ya dola 13 kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Mstari wako wa hatari ulikuwa dola 84 na senti 10, bei ilipovuka hapo ukawa umepungukiwa. Ukituma 4,000, mstari unasogea hadi 94.36. Hisa iko 91. Yaani ada yote ya mtoto inakununulia nafasi ya dola 3 na senti 36.

Sasa pima nafasi hiyo kwa jinsi soko linavyotembea. Mwaka 2022 fahirisi ya Nasdaq, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za soko hilo, ilipoteza karibu theluthi ya thamani yake. Ulikuwa mwaka mbaya kwa hisa za teknolojia, mwaka ambao mtu kama wewe angejiona nabii. Lakini tarehe 10 Novemba mwaka huohuo, takwimu za mfumuko wa bei Marekani zilipotoka nafuu kuliko zilivyotarajiwa, fahirisi ya Nasdaq ilipanda asilimia 7.35 kwa siku moja. Siku moja, mdogo wangu. Hisa yako ikipanda kiasi hichohicho itafika 97 na senti 69. Na kampuni zisizo na faida, siku za namna hiyo, mara nyingi hupanda kuliko fahirisi yenyewe. Ungeamka na ujumbe mwingine wa dalali, na safari hii kabatini hakuna kitu.

Hapo ndipo ninapotaka ulitazame upya swali lako. Umeuliza mtu mwenye hoja sahihi afanye nini. Mimi nakubali hoja yako, kila sentensi. Kampuni inayouzwa mara 25 ya mauzo, inayolipa mishahara kwa kuchapisha hisa, nami nisingeigusa. Lakini aliyenunua hisa kwa fedha yake mwenyewe akawa sahihi, anaweza kukaa miaka mitano akisubiri na hakuna atakayemgongea mlango. Wewe umeuza cha kuazima. Muda unaoutumia kusubiri ni wa watu watatu: mwenye hisa, anayeweza kuzitaka siku yoyote, dalali, anayeweza kupandisha kiwango cha dhamana au ada atakapo, na mnunuzi yeyote anayeisukuma bei juu, kwa sababu ya maana au bila sababu. Ukiwa sahihi mwakani, wiki hii haikusaidii kitu.

Haya sikuyasoma mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilifanya kazi kwenye dawati la dhamana la dalali mmoja. Ujumbe kama uliopokea wewe, enzi hizo ulikuwa simu, na mpiga simu nilikuwa mimi. Tarehe 3 Januari 2001 Benki Kuu ya Marekani ilipunguza riba ghafla, nje ya ratiba ya vikao vyake, na Nasdaq ikapanda zaidi ya asilimia 14 siku ileile. Kumbuka fahirisi hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza zaidi ya nusu tangu kilele chake cha Machi 2000. Waliouza kwa kuazima walikuwa wameshinda sehemu kubwa ya miezi tisa hiyo, na wengi walikuwa wameongeza, kama ulivyoongeza wewe ilipofika 68.

Kesho yake nilimpigia mteja mmoja mwenye sauti ya upole. Hakugomba. Alinieleza kwa dakika kumi hesabu za kampuni aliyoiuza: fedha taslimu zilizobaki, matumizi ya kila mwezi, mwezi ambao kasha litakuwa tupu. Akaniomba tumsubiri hadi Jumatatu. Niliandika "Jumatatu" pembeni mwa fomu yake. Mkuu wangu akaisoma, akalikata neno hilo kwa wino mwekundu, na alasiri tukazinunua hisa zote kwa niaba yake, karibu na bei ya juu kabisa ya siku hiyo. Kampuni ile ilikufa kabla mwaka haujaisha. Yule bwana hakukosea hata tarakimu moja. Nimekaa na fomu ile kichwani zaidi ya miaka ishirini.

Wengi hudhani hatari ya kushoti, yaani kuuza hisa za kuazima kama ulivyofanya, ni soko likiwa linapaa. Ni kweli, hiyo nayo ipo. Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, alionya kuhusu msisimko uliopita kiasi sokoni Desemba 1996, na Nasdaq, iliyokuwa kwenye 1,300 hivi, ikaendelea kupanda hadi ikafunga 5,048 tarehe 10 Machi 2000. Julian Robertson, aliyeendesha mifuko ya uwekezaji ya Tiger Management, alikataa kununua hisa za teknolojia za wakati huo kwa kuwa bei zake hazikuwa na mantiki. Wateja wake wakachoka, wakaondoa fedha, naye akatangaza kufunga mwisho wa Machi 2000, siku ishirini tu baada ya kilele. Alikuwa sahihi, na alikuwa mtu mwenye uzoefu na mabilioni, si elfu kumi.

Lakini kushuka nako kuna meno yake, na ndiyo yaliyokuuma. Kutoka kilele hicho hadi tarehe 9 Oktoba 2002, Nasdaq ilianguka hadi 1,114, yaani asilimia 78. Ukiitazama kwenye mchoro wa miaka ishirini unaona mteremko mmoja na unajiambia, hapa hata mtoto angepata. Ivute karibu. Kati ya Aprili na Mei 2001 ilipanda zaidi ya asilimia 40. Kati ya mwisho wa Septemba 2001 na mwanzo wa Januari 2002 ikapanda tena zaidi ya asilimia 40. Na ule mwaka 2022, kati ya Juni na Agosti ilipanda asilimia zaidi ya 20, kisha ikashuka chini ya pale ilipoanzia. Kila moja ya safari hizo ingekumaliza wewe, na 4,000 zako pamoja.

Tena si kwa bahati mbaya. Kila aliyeuza hisa ya kuazima ni mnunuzi anayesubiri zamu yake, kwa sababu hakuna namna ya kulipa deni lake isipokuwa kununua. Wakiwa wengi, habari njema ndogo tu inatosha: wa kwanza ananunua kwa hofu, bei inapanda, wa pili anapata ujumbe wa dalali, naye ananunua, bei inapanda zaidi. Hakuna hata mmoja wao aliyebadilisha mawazo kuhusu kampuni. Unasema hakuna kilichobadilika ndani, nami nakuamini. Lakini kuna kilichobadilika nje, na umekiandika mwenyewe kwa mkono wako: ada ya kuazima imetoka 3 ikafika 18. Hiyo ni bei ya msongamano. Inakuambia kwamba hisa za kuazima zimeadimika, kwamba wenye wazo lako wamejaa, na kwamba mlango wa kutokea ni mmoja. Natamani ungeiona siku ilipofika 8, au 10, kabla ya wiki hii.

GameStop ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mwisho wa 2020 ilifunga chini kidogo ya dola 19, kampuni ya maduka ya michezo ya video iliyokuwa ikidhoofika, na hisa zake zilizouzwa kwa kuazima zilikuwa zimezidi hata zile zilizoko mikononi mwa umma. Hisa moja iliazimwa, ikauzwa, aliyeinunua akaiazimisha tena. Tarehe 28 Januari 2021 iligusa dola 483. Mfuko wa Melvin Capital ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mwezi huo mmoja, na mwaka uliofuata ukatangaza kufunga. Waliokuwa wakiishoti hawakuwa wajinga wa hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo mhasibu analijua kwa kichwa lakini vidole havijalizoea. Ukinunua hisa ikaenda vibaya, inazidi kuwa ndogo ndani ya mfuko wako. Ukiuza ya kuazima ikaenda vibaya, inakua. Ulianza na deni la 16,000, leo ni 27,300, na sehemu ya ongezeko hilo uliiweka mwenyewe siku ulipokuwa na furaha. Zaidi ya yote, bei ya 80 inaweza kushuka dola 80 basi, haina pa kwenda chini ya sifuri. Juu hakuna dari. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijui mkopo unaofanana na usemi huo kuliko huu.

Sasa Ijumaa. Najua kuna wazo linalokujia, la kununua kiasi tu cha kumnyamazisha dalali. Nimekupigia hesabu hiyo pia. Ukirudisha hisa 100, unabakiwa na deni la hisa 200, thamani 18,200, dhamana inayotakiwa 5,460, na chako ni 5,500. Umevuka kwa dola 40. Bei ikipanda senti 15, umerudi pale pale. Ukirudisha 200 na kubaki na 100, mstari unakwenda hadi karibu 112, na hapo angalau unaweza kulala. Lakini rai yangu ni urudishe zote 300. Utatoka na dola 5,500 hivi, ukitoa ada. Umepoteza 4,500, zinauma, sitakudanganya. Ada ya mtoto iko palepale. Na usiache dalali akununulie. Wao hununua saa inayowafaa wao, kwa bei yoyote iliyopo, kama tulivyomfanyia yule bwana. Weka oda mwenyewe, ya bei maalum, uigawe mara mbili au tatu ndani ya siku.

Ukishatoka, utaitazama hisa ile kila asubuhi, na huenda ikashuka. Huenda ikashuka Jumatatu ileile. Jiandae kwa hilo, kwa sababu ndilo litakalokurudisha.

Kama baada ya miezi miwili mitatu hoja yako bado imesimama na una fedha ambayo hata ikiisha yote hakuna mtu nyumbani atakayekosa kitu, kuna opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi tarehe fulani. Unalipa bei yake mwanzoni, na hicho ndicho kikomo cha hasara yako, hata hisa ikipaa hadi 300. Hakuna wa kukuandikia ujumbe Ijumaa. Ila soko linapotikisika opsheni huwa ghali, na zina tarehe ya kufa. Ukiwa sahihi wiki moja baada ya tarehe hiyo, umelipia bure. Mifuko inayopanda fahirisi ikishuka nayo haikufai kwa kusubiri kwako kwa miezi, kwa kuwa hesabu yake hufanywa upya kila siku. Fahirisi ikitoka 100 ikaenda 90 na kesho yake ikarudi 100, mfuko unatoka 100, unafika 110, kisha unashuka hadi chini kidogo ya 98. Fahirisi imerudi nyumbani, wewe umepungua.

Unaweza pia kukaa tu na fedha yako na kutoinunua kampuni hiyo. Watu huiona njia hii kama uoga. Mimi nimepiga simu nyingi mno kuiita hivyo.

Na mke wako. Umeandika kwamba hajui lolote, moja ya sentensi fupi kabisa kwenye barua yako, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Fedha ile ni yenu wawili. Usimwambie baada ya Ijumaa, mwambie leo, ukiwa bado hujaamua kwa niaba yake. Usianze na mara 25 ya mauzo wala faida iliyorekebishwa, huko utamchosha na wewe utapata pa kujificha. Kaa naye mezani na karatasi moja yenye namba tatu: 91, bei ya jana. 94.36, mahali ambapo dola 4,000 zingetufikisha. 97.69, siku moja kama ile ya Novemba 2022. Kisha mpe kalamu, muulize yeye angefanya nini.